Utepe wa Chumba cha Figo

Jina la nchi yetu ninalijua, ila siruhusiwi kulitaja. Bunge lililichagua kwa kura za kishindo, likachongwa kwenye jiwe zuri la kijivu, jiwe likafunikwa pazia, na mpaka leo tunamsubiri mgeni rasmi wa kulifunua. Jina la zamani tulishalifuta kwenye ramani na kwenye vitabu vya shule. Kwa hiyo nitasema nchi yetu, na wewe msomaji univumilie, maana hata Rais wetu akihutubia nje husema hivyo hivyo.

Wapo wasiotutakia mema wanaodai kwamba sisi ni wavivu. Uongo mtupu. Sisi tunajenga sana. Tatizo letu, kama ni tatizo, ni adabu. Kwetu kitu kipya hakiguswi kabla hakijazinduliwa, na hakizinduliwi bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi haokotwi barabarani. Tuna daraja la zege juu ya mto wetu mkubwa, lina taa na lina njia ya waenda kwa miguu, na wananchi huvuka mto chini yake, maji kifuani na nguo kichwani, wakiinua macho kulisifu. Mimi mwenyewe nilipopewa nyumba ya chuo nililala barazani msimu mzima wa mvua kwa sababu vyumba vilikuwa havijazinduliwa. Baraza ilisahaulika kwenye ratiba, ndipo nikapata pa kuweka godoro.

Kazi yangu ni mshereheshaji wa Chuo Kikuu chetu. Ni cheo kikubwa. Katika itifaki nakaa nyuma ya wakuu wa idara na mbele ya maktaba.

* * *

Kitivo chetu cha Sayansi za Afya kina ushirikiano na vyuo vya ng'ambo vingi kuliko vitanda vyake. Ofisini kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Kilimba Ng'wandu, ukuta wote umejaa picha zake akipeana mikono na wazungu waliovaa shanga zetu. Ukuta ulipokwisha tulijenga mwingine, lakini huo haujazinduliwa, kwa hiyo picha zake zimeegemezwa sakafuni zikitazama ukutani.

Ushirikiano mkubwa kuliko yote ni ule wa chuo kimoja cha nchi za baridi. Matunda yake ni mengi. Tulipata mifuko yenye nembo mbili. Tulipata vikombe vyenye nembo mbili. Tulipata warsha ya namna ya kuandika ripoti ya warsha. Na mwisho, baada ya kuandikiana miaka na miaka, tukapata mashine ya kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimegoma kufanya kazi.

Mashine hiyo ilikuwa ya kwanza nchini. Ililetwa, ikawekwa kwenye chumba chenye mlango wa kioo mwishoni mwa wodi, ikaunganishwa maji na umeme, na Daktari Tulizo Mwasambili, aliyekuwa amesomeshwa ng'ambo kwa ajili yake tu, akaijaribu ikaitika. Jioni hiyo hiyo Kamati ya Mapokezi ikafunga utepe wa samawati mlangoni, upana wa kiganja, na fundo la maua katikati. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Nilijisikia fahari kubwa.

Mgeni rasmi alishapatikana: Profesa Haldersund, mkuu wa chuo cha washirika wetu. Angefika baada ya mwezi mmoja.

* * *

Sasa nimtaje Mwalimu Bihawa Shemdoe. Alikuwa mhadhiri wa uuguzi, mwanamke mnene mcheshi mwenye sauti iliyosikika mpaka darasa la tatu kutoka lake. Yeye na Daktari Tulizo ndio waliohangaika kuiomba ile mashine. Na mashine ilipokuwa baharini inakuja, figo zake yeye mwenyewe ndizo zilizogoma.

Profesa Ng'wandu alipopata habari alifurahi hadharani. "Tumebahatika," alituambia kikaoni. "Wenzetu huokota mgonjwa asiyejua kujieleza. Sisi tunaye wa kwetu, ana shahada mbili, na anaijua lugha ya wageni. Huyu ndiye atakayetoa neno la shukrani!"

Tukapiga makofi. Hapo ndipo nilipopewa jukumu la kumfanyisha mazoezi ya risala hiyo.

Alilazwa kitanda cha mwisho cha wodi, mbele kabisa ya mlango wa kioo. Akigeuza kichwa aliiona mashine yote, nyeupe, imefunikwa nailoni, na utepe umepita mbele yake.

"Emsii," aliniambia siku ya kwanza, "hivi mimi niwashukuru kabla ya kutibiwa au baada?"

"Ratiba inasema kabla ya chakula, Mwalimu."

Alicheka hadi mumewe, Bwana Shebila, akamshika bega asianguke. Risala yake ya kwanza ilikuwa ndefu na tamu. Ilieleza kazi ya figo kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa, ikawataja wahudumu wote kwa majina, na mwishoni ikauliza kwa nini wajawazito wanalala wawili wawili wakati jengo jipya la wazazi lipo limefungwa. Kamati ikaondoa hayo ya mwishoni kwa kuwa jengo lile lina mgeni rasmi wake.

Vitenge navyo vilichapishwa, vyenye picha ya figo. Mchoraji alikuwa hajawahi kuona figo, akachora maharage. Hakuna aliyelalamika. Fundi akampima Mwalimu gauni, na kila mtu akasema limempendeza.

* * *

Mwezi ukaisha, mgeni hakuja. Theluji ilikuwa imefunga uwanja wao wa ndege. Tukawaandikia pole, tukapanga tarehe nyingine. Tarehe hiyo ikagongana na sherehe za kuzaliwa kwa chuo chao. Tukawaandikia hongera. Ya tatu ilivunjika kwa kosa letu, nasema kweli, kwa sababu ujumbe wetu wa watu kumi na mmoja ulikuwa umesafiri kwenda kwao kujadiliana nao namna watakavyokuja kwetu.

Mwalimu hakuwa na pa kwenda kwingine. Mashine nyingine iliyo karibu iko nchi jirani, na barabara ya huko ni nzuri sana, imekamilika, ina lami nyeusi ti, haijazinduliwa. Gari la wagonjwa likipita porini pembeni yake huchukua siku mbili, na Daktari Tulizo alisema Mwalimu hafiki akiwa hai.

Ndipo daktari huyo akaomba kuingia kikaoni. Ni mwanamke mfupi, haongei sana.

"Waheshimiwa," alisema, "Mwalimu anajaa maji. Mashine ipo, umeme upo, na mimi nipo. Naomba nimwingize leo."

Profesa Ng'wandu akavua miwani. "Na utepe, Daktari?"

"Utepe ni kitambaa, Profesa. Sitaukata. Nitainama nipite chini."

Kikao kilishtuka. Mwanasheria wa Chuo alisimama akafafanua kwamba kupita chini ya utepe ni uzinduzi wa siri, na kwamba mtu akipita chini na kurudi basi amezindua mara mbili.

"Hebu fikiri, Daktari," Profesa akasema kwa upole wa mzazi. "Mgeni ametoka mbali, anafika, anakuta mashine imeshatumika. Wewe nyumbani kwako unampakulia mgeni makombo?"

"Mwalimu si makombo, Profesa."

Niliangalia meza. Wengine pia waliangalia meza, na ilikuwa meza ya kawaida tu. Mwisho tukaazimia tuwaandikie washirika wetu kuomba ushauri, maana ushirikiano ni kushauriana.

Jibu lao lilikuja upesi, limeandikwa kwa unyenyekevu uliotutoa machozi. Walisema wanauheshimu mno utamaduni wetu. Walisema mababu zao walifanya kosa kubwa la kutuamulia mambo, na wao hawako tayari kulirudia. Mashine ni yetu, wakasema, na itumike pale sisi wenyewe tutakapoona wakati wake umefika kwa mila zetu. Sisi tukawajibu kwamba wakati utafika pale wao watakapofika. Wao wakajibu kwamba wanaguswa. Heshima ikazidi pande zote mbili, na miguu ya Mwalimu nayo ikazidi kuvimba. Fundi akaitwa kuliachia gauni mishono ya pembeni.

* * *

Ili tusiseme washirika hawakufanya kitu, walimtuma mtafiti. Bwana Torvik, kijana mrefu mwenye ndevu za dhahabu, alikuwa anasomea shahada ya uzamivu. Swali la utafiti wake lilikuwa hili: kwa nini wagonjwa wa nchi yetu wanachelewa kutumia mashine za kisasa? Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Mwalimu Bihawa, akiupa mgongo mlango wa kioo.

"Mama," aliuliza, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, "je, kuna imani za jadi zinazokuzuia kuitumia mashine?"

"Hapana, mwanangu," Mwalimu akasema akihema. "Ni utepe."

Kijana akageuka, akautazama. "Huu utepe una nguvu gani?"

"Nyingi sana."

"Nani aliuweka? Mganga?"

"Huyu hapa," Mwalimu akaninyooshea kidole, "alishika ngazi."

Bwana Torvik akanipiga picha. Makala yake ilitoka katika jarida kubwa, yenye sura nzima juu ya vitambaa vitakatifu, na jina la Profesa Ng'wandu likawekwa la tano kati ya waandishi. Tulikata keki. Jina la Mwalimu halikuwekwa popote, ili kulinda faragha yake.

* * *

Mimi niliendelea na mazoezi, maana ndiyo kazi yangu. Risala ya Mwalimu ilikuwa inapungua. Kwanza aliyaacha majina ya wahudumu, akasema pumzi haimfikishi. Halafu akaiacha kazi ya figo. Kila nilipokwenda nilikuta aya nyingine imeondoka, na hakuna kamati iliyoiondoa. Sauti ile ya kusikika madarasa matatu sasa ilibidi niinamishe sikio niipate.

Niseme wazi kwamba niliumia. Nilizoea kuhudhuria wodi ile kama mtu aendaye kwa dada yake, na nikitoka nilikuwa sina hamu ya kula. Lakini nilikuwa natoka.

Siku moja nilimkuta Bwana Shebila akimpepea mkewe kwa mfuniko wa sufuria. Yeye ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, na tangu aanze kuuguza hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu. Aliuweka mfuniko chini.

"Bwana Emsii, wewe si ndiye husema karibuni?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Ukisema karibuni, watu huingia?"

"Huingia."

"Basi mkaribishe mke wangu mle ndani. Sema tu kama unavyosemaga ukumbini. Mimi nitamsukuma."

Nilimwambia kwamba kipaza sauti changu huwashwa na watu wengine. Alinitazama kidogo, akachukua mfuniko wake akaendelea kupepea.

Kesho yake Daktari Tulizo hakuomba ruhusa. Adhuhuri, watu wakiwa kwenye chakula, alikifungua breki kitanda cha Mwalimu, akaanza kukisukuma kuelekea mlangoni, Bwana Shebila miguuni, yeye kichwani. Mlinzi wa utepe alikuwepo, kwa kuwa tangu siku ya kile kikao utepe ulikuwa na mlinzi. Alisimama mbele yao akiwa analia.

"Daktari, nina watoto," alisema.

"Geuka tu uangalie ukutani. Sisi tutapita."

Akageuka kweli. Waliinua utepe, kitanda kikaanza kuingia, miguu ya Mwalimu ikawa imeshavuka kizingiti. Lakini chupa ya maji ya mshipani ilikuwa juu ya nguzo yake, na ile nguzo ikaunasa utepe, utepe ukavutika, na fundo la maua likadondoka sakafuni. Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi alikuwa anapita korido akitafuta kijiko. Alipiga yowe lililowatoa wagonjwa vitandani. Profesa akaja mbio, mwanasheria nyuma yake, na kitanda kikarudishwa. Fundo lilishonwa upya jioni ile ile, na kwa haki lilipendeza kuliko la kwanza.

Daktari Tulizo hakufukuzwa, sisi si watu wa visasi. Alipelekwa ng'ambo kwa mafunzo ya miezi mitatu ya namna ya kuitumia mashine.

* * *

Wageni walifika. Jua lilikuwa zuri, bendi ilikuwa imenyooka, na Profesa Haldersund alikuwa mzee mkarimu mwenye mikono mikubwa aliyetaka kumsalimia kila mtu, hata mlinzi wa utepe. Alivaa shati la maharage likamkaa vyema.

Mwalimu Bihawa alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo.

Nilimfuata Profesa Ng'wandu nyuma ya jukwaa. "Mheshimiwa, Mwalimu hayupo tena. Tuondoe kipengele chake?"

Alisikitika, sitamsingizia. Aliuma midomo, akafumba macho kidogo. Kisha akasema, "Ratiba imeshapitishwa na pande zote mbili. Kuibadilisha kunahitaji kikao cha pamoja. Soma wewe."

Zamu ilipofika nilisimama mbele ya kipaza sauti. Risala sikuwa nayo kwenye karatasi. Ilikuwa imepungua kiasi cha kukaa kichwani. Katika mazoezi yetu ya mwisho alikuwa ameifikisha hapa, na aliniambia hawezi kuipunguza zaidi:

"Wageni wetu, karibuni. Mimi nipo mlangoni."

Nikaisema. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Profesa Haldersund aligeuka kutazama mlangoni, akatafuta kwa macho, hakuona mtu, akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa unauliza. Nilifungua kinywa nimwambie. Bendi ikaanza.

Tukaongozana hadi wodini, akapewa mkasi, akakata. Nailoni ikavuliwa, mashine ikawashwa, ikazunguka tupu, na kila mtu akaipiga picha. Profesa Ng'wandu akatangaza kwamba nchi yetu imeingia katika zama mpya. Nje, gari la maiti lilikuwa limezuiwa getini hadi msafara wa wageni upite, na Bwana Shebila alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva, gauni la kitenge limekunjwa magotini. Muuguzi mmoja alimfuata akaliomba, kwa kuwa lilikuwa mali ya Kamati. Akalitoa.

Nilikasirika siku ile. Sikujua nimkasirikie nani, maana wote walikuwa watu wema na wote walikuwa wamefuata utaratibu, kwa hiyo nikakikasirikia kipaza sauti, nikakizima kabla ya sala ya kufunga. Nilipewa onyo la mdomo.

* * *

Taarifa ya pamoja ya ushirikiano imetoka. Ina picha za rangi. Inasema kwamba tangu mashine izinduliwe haijapoteza mgonjwa hata mmoja, na hiyo ni kweli kabisa, nami ninaithibitisha. Mwalimu alifariki kabla ya uzinduzi, hahesabiki. Na baada ya uzinduzi hakuna aliyeingizwa, kwa sababu mwanasheria wa Chuo aligundua jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tumelisahau katika furaha: uzinduzi si makabidhiano. Mashine imezinduliwa, ila bado haijakabidhiwa rasmi. Washirika wameandika kwamba wanauheshimu utofauti huo, na kwamba wangependa kuja kuikabidhi, mwakani, mambo yakiruhusu. Bwana Torvik ameomba ufadhili wa kuuchunguza.

Kamati imefunga utepe mwingine mlangoni, wa kijani. Safari hii niliomba udhuru wa ngazi, nikasema goti linaniuma. Akashika mtu mwingine, na utepe ukafungwa vile vile.

Kitanda cha mwisho amelazwa Dada Kurwa, muuza uji wa soko la chini, ana watoto watatu wanaokuja mchana na kukaa chini ya kitanda wakicheza. Gauni limeshajaribishwa, likatosha bila kuguswa. Profesa anasema si msomi lakini ana uso mzuri wa kupigwa picha.

Jana nilikwenda kuanza naye mazoezi. Alikuwa mchangamfu, amejiinua kwenye mto.

"Emsii, nimefikiria usiku kucha," aliniambia. "Nina mengi ya kuwaambia hao wageni. Nataka niwaeleze tangu nilipoanza kuumwa, na wanangu hawa, na mama aliyenizaa, yote. Inaruhusiwa kusema kirefu?"

Niliitazama miguu yake chini ya shuka. Ilikuwa imeanza.

"Inaruhusiwa, dada'ngu," nilimwambia. "Lakini tuanze na ile fupi."